Zamu ya Mombasa

Nimekabidhi funguo, nimerudisha kitambulisho, na ile keki mliyoninunulia imeliwa na wajukuu kabla sijavua viatu. Sasa ninyi vijana wa chumba cha mitandao mmenisumbua niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai. Haya, naandika. Lakini anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nani alinuna, aende ofisi ya wafanyakazi akaombe faili langu. Ni nene na halina utamu wowote. Mimi nitasema habari za nyaya na sauti, na habari za Mzee Barasa aliyenifundisha kazi, ambaye nusura afukuzwe kwa kosa lisilokuwa lake.

Niliingia kiwandani mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa mtaa wa Jericho, Nairobi, kwa dada yangu, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu kupitia Makadara mpaka Industrial Area pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakikimbilia kibarua. Kiwanda chetu kilioka biskuti. Ukivuka reli tu, harufu ya sukari na siagi inakupokea, na wageni huisifu sana. Sisi baada ya wiki mbili tulikuwa tukiletewa biskuti na chai tunageuza uso. Niliajiriwa kukaa kwenye swichibodi, kupokea simu na kuwaunganisha watu, kwa sababu nilikuwa na sauti nzuri na Kiingereza cha kutosha. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua, nami niliamini kwamba kazi hiyo haihitaji zaidi ya hapo.

Mzee Barasa ndiye aliyekuwa fundi wa simu. Kwao ni upande wa Bungoma, lakini alikuwa ameishi Makongeni tangu ujana wake, enzi alipokuwa fundi wa nyaya za reli. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na wapangaji wake wa kudumu: koleo na bisibisi kulia, mita ya kupimia umeme kushoto, utepe juu, na mfuko wa mwisho ulikuwa wa njugu. Siku yangu ya kwanza hakunipeleka kwenye swichibodi. Alinipeleka kwenye kijichumba cha nyaya chini ya ngazi, akanipa simu yake ya kupimia laini.

"Weka sikio hapo," akasema. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mzee."

"Sikiliza tena. Hakuna laini haina kitu."

Nilikaa mle ndani asubuhi nzima nikisikiliza nyaya, nikijiona mjinga. Jioni nilikuwa nimeanza kuelewa. Laini iliyolowa maji ya mvua hukaangika kama mafuta kwenye karai. Laini iliyoguswa na panya hukohoa. Laini nzima ina mvumo mdogo, na laini iliyokufa ina kimya kizito ambacho ukishakijua huwezi kukisahau. Mzee alisema fundi anayejua vimya vyote hahitaji mita. Nilidhani anajisifu. Baadaye mita yake iliharibika, akafanya kazi mwezi mzima bila nyingine, na hakuna aliyegundua isipokuwa mimi.

Miaka ikaenda. Nikatoka kwenye swichibodi nikawa msaidizi wake, jambo lililowachekesha wanaume wa karakana mpaka walipoona napanda ngazi na waya begani. Wakati huo kampuni ilikuwa na tawi Mombasa na jingine Eldoret, na wakubwa walikuwa wakisafiri kila mwezi kuja Nairobi kugombana. Karibu na mwisho wa miaka ya tisini, wenye kampuni waliokuwa ng'ambo wakaamua tugombane kwa simu. Wakatununulia mtambo wa kuunganisha laini nyingi ziwe kikao kimoja. Ulikuwa sanduku la rangi ya majivu lenye taa ndogo nyekundu, moja kwa kila laini. Tuliuita daraja. Mombasa wakipiga, taa moja inawaka, Eldoret nao yao, na Nairobi tunakaa juu kwenye chumba cha mikutano tukizunguka kipaza sauti kilichowekwa katikati ya meza.

Mtambo ulikuja na kitabu kinene cha maelekezo. Haukuja na maelekezo ya jinsi ya kuendesha Wakenya. Kikao cha kwanza kilikuwa cha saa moja, na nusu yake iliisha katika salamu. Kila aliyekuwa Nairobi alimsalimu kila aliyekuwa Eldoret kwa jina, na watu wa nyumbani na ng'ombe, kisha Mombasa wakaanza upya. Na daraja lenyewe lilipitisha sauti moja kwa wakati. Wawili wakisema pamoja, maneno yanakatwa vipande na hakuna anayesikika. Mzee alinitazama, mimi nikamtazama.

Dawa nilitoka nayo Jericho. Nilikuwa karani wa kikundi chetu cha akina mama pale mtaani, na kama kuna mahali watu thelathini huzungumza pamoja, ni pale siku ya kuchagua mweka hazina. Tulikuwa na sheria: hakuna kusema ila kupitia kiti. Nikaiandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani na kuituma matawini. Kwanza utaje ulipo, kisha uombe kiti, kisha useme. "Mombasa kwa kiti." "Endelea, Mombasa." Salamu ni moja, ya mwenye kiti kwa wote. Wanaume walilalamika kwamba nimewafanya watoto wa shule, lakini wiki ya tatu kikao kiliisha kabla chai haijapoa.

Kitu kimoja ambacho sheria yangu haikugusa kilikuwa maombi. Meneja wetu, Bwana Kiragu, alikuwa mzee wa kanisa kule Buruburu, na hakufungua hata kabati bila maombi. Kikao cha kila Jumatatu kilianza kwa kuomba, na kwa haki ikapangwa zamu: wiki hii Nairobi, wiki ijayo Eldoret, inayofuata Mombasa, halafu tunarudi mwanzo. Mimi ndiye niliyepiga chapa orodha ya zamu. Bwana Kiragu mwenyewe aliomba kwa sauti na kwa urefu, akitaja idara zote mpaka ya magari. Mama Chebet wa Eldoret aliomba sentensi tatu akasema amina. Na Bwana Abdalla, mkubwa wa Mombasa, alikuwa muungwana. Alijua kikao kina Wakristo, Waislamu, na mhasibu wetu ambaye ni Mhindu. Zamu yake ilipofika alisema, "Jamani, kila mtu aombe kwa imani yake, kimya kimya." Tukafumba macho, tukasikia feni yake ya darini ikikwaruza kule Mombasa, krr, krr, krr, mpaka aseme amin.

Ilienda hivyo karibu mwaka mzima bila tatizo. Kisha kikao kikaanza kukatika.

Hakikukatika kila wiki, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Wiki mbili tunakuwa salama, hata nne kama kuna sikukuu, halafu Jumatatu moja taa zote zinazimika kwa pamoja kabla hata ajenda haijasomwa. Simu zinaanza kulia. "Nairobi, mmetupoteza tena?" anauliza Mama Chebet. Tunaunganisha upya, dakika kumi zimepotea, na Bwana Kiragu amekunja uso. Mzee alibadilisha nyaya. Alifungua daraja akalipiga brashi. Aliita mafundi wa laini tulizokodi, nao wakapima wakasema laini ziko sawa, na zilikuwa sawa kweli. Kila mkatiko aliuandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa kuinamia kulia: siku, saa, hali ya hewa, nani yuko kwenye laini. Kustaafu kwake kulikuwa mlangoni, ilibaki miezi saba tu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisahau njugu zake mezani.

Kisha ikaja habari kwamba wenye kampuni wanatuletea mkutano wa picha. Tuliletewa runinga kubwa juu ya meza ya magurudumu, yenye kamera kichwani, na laini sita zikafungwa pamoja ili kubeba picha. Siku ya kuijaribu, wakubwa wetu walivaa suti. Uso wa Mwenyekiti wa kampuni aliyekuwa ng'ambo ulitokea ukiwa umegawanyika miraba miraba, mdomo ukifika nyuma ya maneno, na watu wazima wote chumbani wakaanza kumpungia mkono kama watoto kwenye kituo cha treni. Hata mimi nilipunga. Mwenyekiti alisema Jumatatu ya tatu kutoka siku hiyo atakaa nasi kikao kizima, yeye kwa picha, Mombasa na Eldoret kwa sauti kupitia daraja. Anataka kuona kama Nairobi inaweza kuendesha vikao yenyewe. Ikishindwa, kazi itapewa kampuni ya nje.

Bwana Kiragu alitushukia mpaka kwenye kijichumba chetu chini ya ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Barasa, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini siku hiyo ikikatika, utakabidhi funguo kesho yake. Siwezi kukutetea tena."

"Nimesikia, Bwana Meneja," Mzee akajibu. Baada ya meneja kuondoka akaketi juu ya kreti, akasema kwa sauti ndogo, "Miaka thelathini na nne ya waya. Niende nyumbani watu waseme nilishindwa na sanduku."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala la unga, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilijua hakuna mtu Nairobi nzima anayejua kazi hiyo kama yeye.

Jumatano ya mwisho kabla ya kikao hicho Bwana Abdalla alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakutania.

"Bi Akinyi, nambie kweli. Mbona kila nikiongoza dua mimi, simu yafungwa? Mara tatu sasa. Kama hamtaki zamu yangu semeni tu, mimi si mtoto."

"Bwana Abdalla, haki ya Mungu, hakuna anayefunga."

"Basi yafungwa na nani?"

 Nilikuwa na aibu, na katikati ya aibu hiyo sikio langu, lile alilolifundisha Mzee, likanishtua. Sauti ya Bwana Abdalla ilikuwa safi mno. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Feni yako iko wapi?" nikauliza.

"Feni? Ishatolewa kitambo. Tumewekewa kiyoyozi, baridi tupu, hakipigi hata kelele. Kwani feni yahusu nini?"

Nilimwambia nitampigia. Nikakimbia chini ya ngazi nikachukua daftari la Mzee, nikapanda nalo mpaka mezani kwangu nikaliweka kando ya orodha ya zamu za maombi. Kila mkatiko ulikuwa wiki ya Mombasa. Yote. Na tuliokuwa mle chumbani hatukuliona hilo, kwa sababu tuliokuwa mle chumbani tulikuwa tumefumba macho. Mzee mwenyewe, aliyeandika hata mvua, aliandika kila mara maneno yaleyale: "Umekatika kabla ya kikao kuanza." Kwake, kama kwetu sote, maombi hayakuwa sehemu ya kikao. Maombi yalikuwa maombi. Ni nani angethubutu kuyaandika kwenye daftari la hitilafu?

Jumamosi mchana, mashine za kuoka zilipozimwa na watu kwenda zao, mimi na Mzee tulijifungia kwenye chumba cha mikutano. Tuliunganisha simu tatu kwenye daraja, tukavuta mapazia, tukanyamaza. Mimi nilishika saa. Sekunde kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Ilipofika ya arobaini na tano, taa zote zikazimika pamoja. Mzee akatazama sanduku lile kama mtu aliyeibiwa na mjukuu wake.

"Rudia," akasema.

Tulinyamaza mara saba siku hiyo, na mara saba likatukata kwenye sekunde ileile. Mara ya nane Mzee aligonga meza kwa kidole, na daraja likakaa wazi. Akagonga tena, likakaa. Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashikana mikono tukazunguka meza ya wakurugenzi tukicheza bila muziki, yeye na koti lake la kaki na koleo zikigongana mfukoni. Tukarudi kwenye kitabu cha maelekezo, na tulipojua cha kutafuta tulikipata: kikao kisichokuwa na sauti yoyote kwa sekunde arobaini na tano hufungwa, maana watu wameshaondoka. Mzee alikuwa ameusoma ukurasa huo siku za mwanzo na kuona una busara. Aliyeuandika hakuwahi kukaa na watu wa dini tatu wakiomba kwa adabu. Na feni mbovu ya Mombasa ndiyo iliyokuwa imetulinda mwaka mzima.

Shida ni kwamba hatukuweza kubadilisha mpango huo. Neno la siri la daraja alikuwa nalo fundi wa waliotuuzia, naye alikuwa ng'ambo mpaka mwezi ujao. Jumatatu ya Mwenyekiti ilikuwa keshokutwa. Na nilipoangalia orodha niliyoipiga chapa kwa mikono yangu, zamu ilikuwa ya Mombasa.

Tulikwenda nyumbani kwa Bwana Kiragu jioni ileile, tukamweleza. Alituketisha, akatupa chai, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ati maombi ndiyo yanakata simu?" akauliza. "Akinyi, wewe unaenda kanisa gani?"

"Si maombi, Bwana Meneja. Ni kimya."

"Mimi siwezi kumwambia Mwenyekiti hiyo maneno. Hata wewe usiirudie mahali."

Tulipokuwa tukitembea kurudi, nilimwambia Mzee njia ni rahisi. Tumwombe meneja achukue maombi yeye mwenyewe siku hiyo. Aombe kwa ile sauti yake, ataje idara zote, na daraja halitathubutu kufunga. Angekubali mara moja.

Mzee alisimama barabarani. "Na Abdalla?"

"Tutamweleza baadaye."

"Tayari anafikiria tunamkata makusudi. Siku mkubwa yuko, ndiyo tumruke? Hapana, Akinyi. Hiyo ni zamu yake. Mimi siwezi kuokoa kazi yangu kwa zamu ya mtu mwingine."

"Basi aombe kwa sauti."

"Aombe vile yeye anaomba. Sisi ndio mafundi. Kazi yetu ni laini."

Nilikasirika. Nilimwona mkaidi, tena mkaidi kwa gharama yake mwenyewe. Lakini Jumapili baada ya kanisa niliikuta saa yake ya mezani mlangoni kwa dada yangu, ile kubwa yenye kengele mbili kichwani, aliyoinunua soko la Gikomba zamani. Alikuwa ameileta mwenyewe kwa mguu kutoka Makongeni, na ujumbe: tuijaribu juu ya kopo. Tukaingia kiwandani, mlinzi akatufungulia. Mezani peke yake mlio wake ulikuwa mdogo, daraja halikuusikia. Tulipoiweka juu ya kopo tupu la biskuti, kando ya kipaza sauti, ta, ta, ta, ilisikika kama fundi viatu. Dakika tano za kimya, na taa zote zikaendelea kuwaka. Tulienda kulala tukiwa washindi.

Jumatatu saa mbili na nusu kila kitu kilikuwa tayari. Picha ya Mwenyekiti ilikaa vizuri, Eldoret iliwaka, Mombasa ikawaka. Saa ilikuwa juu ya kopo, nyuma ya jagi la maji. Dakika mbili kabla ya kuanza, Bwana Kiragu akaingia na suti yake ya harusi, akaliona jagi, akaiona na saa.

"Hii takataka inafanya nini mbele ya Mwenyekiti?"

Kabla sijafungua mdomo aliichukua saa na kopo lake akampa mfagiaji aliyekuwa mlangoni, naye akaondoka navyo akishuka ngazi. Mwenyekiti tayari alikuwa akisema habari za asubuhi. Nilimtazama Mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni karibu na runinga, mikono magotini, mtulivu kabisa.

"Mombasa kwa kiti," sauti ya Bwana Abdalla ikasema, na nilisikia jinsi alivyoiandaa. "Leo ni zamu yangu. Naomba kila mtu aombe kwa imani yake. Tuseme dakika mbili, maana leo ni siku kubwa."

Dakika mbili! Vichwa vikainama. Mimi sikufumba macho, Mungu anisamehe. Nilikuwa na saa yangu ya mkononi na taa mbili nyekundu. Sekunde ya ishirini. Ya thelathini. Ya thelathini na tano nikashika kalamu nikagonga meza, polepole, ta, ta. Bwana Kiragu akafungua jicho moja. Nikagonga tena. Akanyoosha mkono akauweka juu ya mkono wangu, akaubana mezani kwa nguvu, jicho lake likisema yote. Nilivuta, hakuniachia. Sekunde zikaanza kuhesabiwa upya, kumi, ishirini, thelathini, na mkono wangu uko chini ya wake, na moyo ndio pekee uliokuwa ukigonga.

Ndipo Mzee Barasa akainuka. Alipita mbele ya kamera, mbele ya Mwenyekiti, kwa koti lake la kaki, akainama juu ya meza ya wakurugenzi akagonga kwa kifundo cha kidole. Mara tatu, akanyamaza. Baadaye mara tatu tena. Hakugonga kwa woga. Aligonga kwa mwendo wa watu wa reli wa zamani, waliopashana habari kwa kugonga, akiwa amefumba macho, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa anaomba. Aligonga na kuomba mpaka dakika ya pili ikaisha, na chumba kizima kilikuwa kimefungua macho kumtazama.

"Amin," akasema Bwana Abdalla. Kisha, kwa sauti ya mtu anayegusa maji kwa mguu: "Mko?"

"Tuko!" nikapiga kelele bila kupitia kiti.

"Eldoret tuko!" akasema Mama Chebet.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Abdalla, na tukamsikia akicheka peke yake katika ofisi yake yenye baridi. Taa zote mbili zilikuwa zikiwaka, na sijaona taa nzuri kama zile mpaka leo.

Mwenyekiti, ambaye kumbe hakuwa amefumba macho, aliuliza yule bwana alikuwa akigonga nini. Mzee akasimama wima akamweleza kwa Kiingereza chake cha reli, sentensi fupi fupi: feni, kiyoyozi, sekunde arobaini na tano, ukurasa gani wa kitabu. Mwenyekiti aliandika. Kisha akasema wana sanduku kama hilo katika nchi nyingine mbili, nako vikao hukatika na hakuna aliyejua kwa nini. Akamtaka Mzee arudie namba ya ukurasa. Bwana Kiragu alikohoa akasema, "Naam, tuligundua Jumamosi." Sikumkatiza. Lakini mchana alishuka tena mpaka kijichumba chetu akiwa ameibeba ile saa kwa mikono miwili, na alikuwa ameitia ufunguo.

"Mzee," akasema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo, "nisamehe. Saa yako iko sawa."

Habari za kampuni ya nje hazikusikika tena. Fundi alipokuja na neno lake la siri, kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Viwanda vya jirani vilituita mimi na Mzee tukawatazamie madaraja yao, na tuliingia kwa milango ya mbele. Mzee alimaliza miezi yake saba, na siku ya kuondoka wafanyakazi walijipanga kutoka mlango wa tanuri mpaka langoni, wakigonga makopo ya biskuti. Mimi nilipewa koti la kaki. Lilinizidi mabegani, nikalivaa hivyohivyo.

Mzee alifariki miaka mingi baadaye, akiwa kwao, usingizini. Jumatatu iliyofuata nilikuwa mimi kwenye kiti. Tulikuwa na mtambo mpya usiojali kimya, ungeweza kukaa bubu mpaka jioni. Zamu ilikuwa ya Mombasa, na Bwana Abdalla, aliyebakisha wiki chache kustaafu, akasema tumwombee Mzee Barasa dakika mbili, kila mtu kwa imani yake. Tukanyamaza. Haikupita nusu dakika nikasikia kutoka Mombasa kifundo cha kidole juu ya meza, mara tatu. Eldoret wakajibu, mara tatu. Nikanyoosha mkono nami nikagonga, na vijana waliokuwa nami chumbani wakanitazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kugonga bila kujua kwa nini.

"Mko?" akauliza Bwana Abdalla mwishoni.

"Tuko," nikasema.